Yanayosomwa na Yanayotazamwa Pemba

Kusoma Pemba kulianzia chuoni, na chuoni watu husoma kwa sauti. Mtoto hupelekwa akiwa mdogo, hukaa mkekani na wenzake, akaanza na herufi, akaingia Juzuu Amma, akapanda mpaka akahitimu msahafu. Kila mmoja huwa na mahali pake alipofika, wote husoma kwa pamoja, na mwalimu hulisikia kosa la mmoja katikati ya sauti za wote. Kwa karne nyingi hii ndiyo iliyokuwa maana ya kusoma kisiwani: kazi ya ulimi na sikio kabla ya kuwa kazi ya jicho, inayofanywa mbele ya watu, na kinachosomwa huhifadhiwa kifuani. Tabia hiyo haikufutika skuli za serikali zilipoenea, wala televisheni ilipoingia. Ndiyo inayoeleza kwa nini hadi leo riwaya moja hupita mikononi mwa watu wengi, na kwa nini tamthilia iliyoonyeshwa usiku husimuliwa asubuhi kwa aliyeikosa.

Herufi hizohizo za chuoni ndizo walizoandikia Kiswahili washairi wa kale wa kisiwa hiki. Wawili kati yao, Kamange na Sarahani, walioishi karne ya 19 na kuingia karne ya 20, waliacha mashairi ambayo kwa muda mrefu yalikaa zaidi katika kumbukumbu za watu na karatasi za majumbani kuliko madukani. Mwaka 2011 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa kitabu kiitwacho Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani, kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa. Ni miongoni mwa vitabu vyenye thamani kubwa kabisa kuwahi kuandikwa juu ya Pemba. Humo msomaji hukutana na kisiwa chenye watu wanaojibizana kwa mizani na vina, wanaoteta, wanaosifu wapenzi wao, wanaokumbushana dini, na wanaodai kila neno lipimwe. Kitabu kama hiki kilistahili kuwapo katika kila skuli kuanzia Micheweni hadi Mkoani.

Vitabu vya dini ndivyo vilivyoingia nyumba nyingi zaidi. Tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, Qurani Takatifu, iliyotolewa Nairobi mwaka 1969, iliwafungulia wasomaji wa Kiswahili maana ya maneno waliyoyahifadhi tangu utotoni. Kiswahili chake ni cha Unguja, cha mtu aliyekuwa mwanahistoria na mshairi pia, na wapo watu waliojifunza nathari nzuri kutoka kwake bila kukusudia. Maulidi nayo, hasa Barzanji, husomwa kwa zamu, na wasikilizaji huijua vya kutosha hata wakamtambua msomaji aliyeruka mstari.

Riwaya ilikuja baadaye, ikipitia Unguja. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi aliyekuwa mhariri wa gazeti la Mkulima, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa hadithi ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Humo alizaliwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na akili kali, ambaye ukoo wake na Sherlock Holmes wa Waingereza hauna siri. Jambo la maana ni namna Bwana Msa alivyozamishwa katika maisha ya visiwani: mzimu, wivu wa wake wenza, mirathi, uvumi wa mtaani, na akili ya mtu mmoja inayokataa kuamini sababu ya kwanza inayotajwa.

Baada yake kilitokea kizazi ambacho hakijapata mfano katika nathari ya Kiswahili. Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Kiu mwaka 1972 na Nyota ya Rehema mwaka 1976. Adam Shafi Adam alitoa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka uliofuata. Said Ahmed Mohamed alitoa Utengano na Dunia Mti Mkavu mwaka 1980. Ndani ya miaka kumi hivi, visiwa vyenye watu wachache kuliko mji mmoja mkubwa wa Bara viliipa lugha sehemu kubwa ya riwaya zake bora. Sababu hazifichiki. Waandishi hawa walikuwa wamekulia katika lugha hii, wakauona utawala wa kisultani na wa Kiingereza ukiondoka, wakayaona Mapinduzi ya Januari 1964 na yaliyofuata, na wakajua kwamba watu wa mashambani, mabandarini na majikoni walikuwa hawajasimuliwa kama wahusika wakuu.

Pemba yenyewe iliingia katika fasihi hiyo kwa jina moja hasa: Giningi. Kila aliyekulia visiwani amelisikia. Ni mji wa wachawi usioonekana kwa macho ya kawaida, na sifa hiyo ya uchawi na uganga imekifuata kisiwa mpaka mbali. Mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh, aliyepita Zanzibar na Pemba katika safari aliyoisimulia katika kitabu chake Remote People cha mwaka 1931, aliwaandikia wasomaji wake juu ya Pemba kama makao makuu ya uchawi. Hiyo ni Pemba ya mgeni, iliyokusanywa kwa siku chache na kutolewa kama kioja.

Waandishi wa visiwani walilichukua jina hilohilo wakalifanyia kazi nyingine kabisa. Muhammed Said Abdulla aliiita riwaya yake ya mwaka 1968 Kisima cha Giningi, akamwingiza Bwana Msa na akili yake katika jina lililozoeleka kutisha. Said Ahmed Mohamed alikwenda mbali zaidi. Katika tamthilia yake ya Kivuli Kinaishi, iliyotolewa mwaka 1990, Giningi ni nchi nzima inayotawaliwa kwa hofu na Bi Kirembwe. Raia wake hulishwa unga wa ndere wakapoteza uwezo wa kuona mambo yalivyo, na anayethubutu kuhoji, Mtolewa, huonekana ndiye mwenye kasoro. Msomaji hahitaji kuambiwa kwamba tamthilia inazungumzia madaraka. Uchawi hapa ni jina la hali ambayo watu wamenyang'anywa macho yao wenyewe, na jambo hilo linaweza kutokea popote pale. Hadithi ya kutishia watoto usiku imegeuzwa chombo cha kufikiria utawala, na kuigeuza hivyo bila kuivunja ni ufundi wa hali ya juu.

Kivuli Kinaishi imesomwa na vijana wengi wa Tanzania katika kidato cha tano na cha sita, pamoja na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi na diwani ya Kimbunga ya Haji Gora Haji wa Tumbatu. Kwa mwanafunzi wa Bara, Giningi ni jina la kubuni tu. Mwanafunzi wa Wete au Chake Chake analijua jina hilo tangu kabla ya kujua kusoma, na bibi yake ana maneno ya kusema juu yake. Hii ni nafasi adimu ya mtoto kumpelekea mzee kitabu cha skuli na mzee akawa na cha kuongeza. Kwa bahati mbaya kitabu hicho kwa kawaida husomwa kwa ajili ya mtihani: dhamira, ujumbe, tamathali za semi, wahusika. Mtihani ukipita, kinarithiwa na mdogo wake au kinabaki kabatini.

Picha zinazotembea zilifika kabla ya riwaya hizi kuandikwa. Wete na Chake Chake ziliwahi kuwa na majumba ya sinema, na filamu za Kihindi ndizo zilizotawala, kama ilivyokuwa Unguja, Tanga na Mombasa. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilipendwa mno katika pwani nzima. Watu hawakujua Kihindi, lakini walifahamu vizuri kisa cha mtoto aliyekataliwa na baba yake, wakajifunza nyimbo zake bila kujua maneno yake yote. Kisa cha nyumba iliyovunjika kwa dhana mbaya, wimbo mahali pa machozi na haki inayochelewa ndivyo vitu ambavyo mtazamaji wa Pemba anavitafuta hadi leo, ingawa nchi zinazomletea zimebadilika.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na ilianza kwa rangi, mapema kuliko nchi yoyote nyingine ya Afrika iliyo kusini ya Sahara. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata kidogo. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa ambayo nchi maskini haikupaswa kuigharamia, na Dar es Salaam ilisubiri mpaka mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza. Kwa miaka ishirini hivi Mzanzibari alikuwa na kitu ambacho jirani yake wa ng'ambo ya bahari hakuwa nacho. Hata hivyo kumiliki kituo na kuwa na watazamaji ni mambo mawili mbalimbali. Seti zilikuwa chache na za bei kubwa, na watu walizoea kutazama kwa pamoja, kwa jirani mwenye nacho au mahali pa hadhara.

Pemba ilikuwa na tatizo lake zaidi, nalo ni umeme. Wakati Unguja iliunganishwa na Bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980, Pemba iliendelea kutegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, yenye kuharibika na kukosa mafuta, na umeme ulikuwa wa mgao. Ni mwaka 2010 tu ndipo kisiwa kilipopata waya wake kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway. Anayeandika historia ya utazamaji Pemba akauruka mwaka huo ameikosa sehemu kubwa ya kisa. Kabla yake, televisheni ilikuwa jambo la miji na la wenye jenereta zao. Baada yake, nguzo zilipofika vijijini, televisheni ikawa chombo cha nyumba ya kawaida.

Muda si mrefu yakafuata mabadiliko ya pili. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia mwisho wa mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikaingia Azam TV, ya kampuni za Said Salim Bakhresa, mfanyabiashara mzaliwa wa Zanzibar. Dishi dogo na king'amuzi vikaanza kuonekana juu ya mapaa ya mabati na hata ya makuti. Kampuni hizohizo ndizo zenye meli za Azam zinazopakia abiria wa Unguja na Pemba, kwa hiyo Wapemba wengi husafiri na kutazama chini ya jina moja. Azam ilileta mpira wa Ligi Kuu, na Simba na Yanga zikahamia sebuleni. Wanaume wa Pemba huzitazama mechi hizo majumbani au katika vibanda umiza, na uwanja wa Gombani ulipopewa Kombe la Mapinduzi la mwaka 2025, kisiwa kizima kilijiona kwenye kioo kwa siku kadhaa, na timu ya Zanzibar ikalitwaa kombe hilo nyumbani.

Lakini kilichobadilisha jioni za kisiwani kuliko mpira ni tamthilia za nje zenye sauti za Kiswahili. Jambo hili lina mizizi Tanzania. Katika mabanda ya video ya Dar es Salaam walikuwapo wafasiri waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili huku zikiendelea, maarufu kati yao akiwa Lufufu, na baadaye DJ Mark, ambao kanda zao zilisambaa mbali. Wao hawakufasiri tu; walieleza, walitania, walimpa mhusika wa Hong Kong tabia za kijana wa Kariakoo. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina juu ya Doudou na wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili, na ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Mama mkwe mwenye maneno makali hahitaji pasipoti.

Kisha zikaja za Kituruki. Sultan, jina ambalo Azam iliitumia kwa tamthilia ndefu juu ya Sultani Suleiman na Hurrem iliyokuwa imeonyeshwa Uturuki kuanzia mwaka 2011 hadi 2014, iliwakamata watazamaji wa Pemba kwa nguvu ya pekee. Si vigumu kuona sababu. Kuna nyumba kubwa yenye wanawake wengi na mwanamume mmoja, kuna mama wa mwenye nyumba ambaye neno lake ndilo la mwisho, kuna watoto wa mama mbalimbali wanaogombea urithi, kuna adhana, kuna Ramadhani, kuna mavazi ya heshima hata pale matendo yasipokuwa ya heshima. Mtazamaji wa pwani hakuwa ameuona ulimwengu wa Kiislamu ukipewa fahari kama ile katika filamu za Marekani. Zaidi ya hayo, bibi asiyeweza kusoma maandishi yanayopita haraka chini ya kioo, na mtoto ambaye bado hajui kusoma, wote waliifuata hadithi kwa masikio. Kutia sauti kulirudisha televisheni katika desturi ya chuoni: neno hupokelewa kwa kusikia, na wote walio chumbani hulipokea pamoja.

Jioni ya namna hiyo ina utaratibu wake. Baada ya isha wanawake na watoto hukusanyika kwenye nyumba yenye king'amuzi kilicholipiwa, maana si kila nyumba huweza kulipia kifurushi kila mwezi. Msimu wa karafuu kazi huja na watu: karafuu humwagwa juu ya jamvi na mikono ikaendelea kuzichambua na kutenga makonyo, macho yakiwa kwenye kioo. Maoni hutolewa papo hapo, tena makali. Mhusika hulaumiwa, huombewa, hutabiriwa mwisho wake. Wanaosema kwamba televisheni huwanyamazisha watu hawajakaa katika chumba kama hicho. Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika, mawaidha na visomo vikachukua nafasi, na mengine hungoja mpaka baada ya tarawehe.

Wazee hulalamika, na malalamiko yao yana haki ya kusikilizwa. Wanasema vijana wanajifunza njama na ulaghai wa mapenzi, na kwamba lugha inayotiwa kwenye tamthilia hizi, nyingi zikifanyiwa kazi Dar es Salaam, inazifuta taratibu ladha za Kipemba vinywani mwa watoto. La kwanza ni la zamani sawa na sinema zenyewe. La pili ni zito zaidi. Mtoto hujifunza lugha kwa anachosikia kwa hamu, na asiposikia Kipemba ila katika kukemewa, atakiona kuwa lugha ya kukemewa.

Tamthilia zilizopendwa na riwaya zilizopuuzwa zina mambo yaleyale. Utengano inaanza na nyumba iliyofungwa milango. Bwana Maksuudi, mtu wa fedha na siasa, amemfungia ndani mkewe Bi Tamima na binti yake Maimuna, huku yeye mwenyewe akiwa na mambo yake ya nje na dhambi za zamani zisizosamehewa. Yumo mwanamke mzee mwenye kisasi, yumo msichana mzuri aliyetumwa kukitekeleza kisasi hicho, kuna talaka ya ghafla, na binti anayekimbia nyumba akaangukia ulimwengu ambao hakuna aliyemwandaa kuukabili. Kila anachokifuata mtazamaji wa Sultan kimo, na kimeandikwa na mtu wa visiwani, kwa Kiswahili ambacho kimezaliwa humu, juu ya nyumba ambazo msomaji wa Pemba anaweza kuzitaja kwa mitaa yake. Tofauti ni kwamba Said Ahmed Mohamed hamwachi msomaji ashangilie fahari ya nyumba ile. Anauliza ni nani aliyeulipia ukuta wake.

Mfano mmoja umeonyesha kinachowezekana. Mwaka 2021 mwongozaji Amil Shivji alitoa filamu ya Vuta n'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, na baadaye ikachaguliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar. Ni kisa cha Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, anayekimbia ndoa hiyo na kukutana na Denge, kijana anayepambana na utawala wa Waingereza katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Filamu imepigwa kwa uzuri mkubwa. Vichochoro, bahari na nuru ya visiwani vinaonekana kwa macho ya mtu anayevipenda. Filamu ya saa moja na nusu hivi haiwezi kubeba kila safari ya Yasmin wala mizaha yote ya Mwajuma, rafiki yake wa Ng'ambo, na mwanafunzi anayeitazama badala ya kusoma riwaya atakosa mengi. Anayeisoma kwanza kisha akaitazama atapata vyote viwili.

Mwaka huohuo wa 2021, mwezi Oktoba, Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kuondoka kwenda Uingereza akiwa kijana, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Furaha ilikuwa kubwa, na pamoja nayo swali gumu: ni nani kwao aliyekuwa amemsoma? Vitabu vyake vyote viliandikwa kwa Kiingereza. Paradise, riwaya yake ya mwaka 1994, ilingoja miaka 28 kupata Kiswahili, mpaka Ida Hadjivayanis alipoifasiri kwa jina la Peponi, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kisa chake ni cha Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri wa misafara kwa sababu ya deni la baba yake. Pemba, ambako wakulima wengi wa mikarafuu wa zama za ukoloni waliishi na mashamba yaliyowekwa rehani, deni linaloingia mpaka katika nafsi ya mtoto halihitaji maelezo marefu. Katika tafsiri hii wahusika wanaonekana wamerudi kwenye lugha waliyokuwa wakiisema tangu mwanzo.

Waandishi wenye asili ya Pemba nao wapo. Mohammed Ghassani, mzaliwa wa kisiwa hiki anayefanya kazi ya utangazaji Ujerumani, alishinda upande wa ushairi katika Tuzo ya Mabati-Cornell ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, kwa diwani yake N'na Kwetu. Anaandika juu ya ugeni na kwao kwa lugha ambayo Kamange na Sarahani wangeitambua. Si ajabu kwamba mshairi wa Pemba aliye mbali anaandika hivyo. Ajabu ni kwamba kumpata yeye kwenye simu ni rahisi zaidi kuliko kupata kitabu chake mjini Chake Chake.

Hapo ndipo penye kasoro yenyewe. Kisiwa chenye watu 543,441 kwa sensa ya mwaka 2022 hakina shida ya watu wanaopenda hadithi. Shida ni njia ya kitabu. Riwaya nyingi za visiwani zilitolewa Dar es Salaam au Nairobi. Huvuka bahari mpaka Unguja, kisha hungoja meli ya Mkoani au Wete, na zinazofika ni zile zilizo katika mtaala. Duka linalouza vitabu kwa kawaida huuza madaftari, kalamu, vitabu vya dini na vya skuli. Maktaba Kuu ya Chake Chake inafanya kazi inayostahili shukrani, lakini mtu wa Kojani au Makoongwe lazima avuke maji kwanza kabla hajaanza safari ya kuifikia. Televisheni haina bahari ya kuvuka. Kila jioni inaingia mpaka chumbani, ikiwa na hadithi za Istanbul na Mumbai zilizokwisha kutiwa Kiswahili kizuri.

Kwa hiyo lawama kwamba Wapemba wameacha kusoma kwa sababu ya televisheni haina msingi imara. Wengi hawajaacha, kwa kuwa riwaya haikuwahi kuwafikia vya kutosha wakaweza kuiacha. Lililo mikononi mwa watu ni kuitumia desturi iliyopo. ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, ina studio, na Radio Jamii Micheweni inasikika na wavuvi na wakulima ambao hawatashika riwaya mwaka huu wala mwakani. Sura moja ya Utengano au Nyota ya Rehema isomwe redioni kila juma, kwa ruhusa ya waandishi na wachapishaji wake, na msomaji mwenye ulimi wa Kipemba. Giningi ya Bi Kirembwe nayo iigizwe Pemba na Wapemba, na ionyeshwe saa ileile ambayo watu wamezoea kukaa mbele ya kioo. Na mwenye mtoto wa kidato cha sita nyumbani asingoje kituo chochote: achukue nakala ya Kivuli Kinaishi iliyo mkobani mwake, isomwe kwa sauti baada ya isha, na wazee waachwe waseme wanayoyajua.